Kuku Tisini na Tisa wa Nchi ya Wastani

Yupo daktari mmoja, si wa sindano. Ni daktari wa takwimu, kazi yake kupiga hesabu za watu ambao hajawahi kuwaona, na jina lake ni Hozza Shekigenda, mzaliwa wa Mlalo, milima ya Usambara. Namjua kuliko mkewe anavyomjua, maana tunatumia mwili mmoja. Lakini nitamsimulia kama mtu baki, kwa sababu nikithubutu kusema "mimi" nitaanza kujitetea, na nikianza kujitetea hatutamaliza leo. Mwacheni awe Hozza, tumcheke vizuri.

Namna alivyofika Nchi ya Wastani msiniulize. Alikuwa kwenye mkutano wa wataalamu, amekaa kiti cha nyuma, msemaji yuko kwenye jedwali la kumi na saba, usingizi ukambeba mzobemzobe. Alipofumbua macho alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha mpakani, begi mkononi. Wanaotaka habari za vumbi na nauli wawaulize wengine. Mimi nina habari za nchi.

Kilichompokea kwanza ni harufu. Kuku, jamani! Kuku juu ya paa, kuku dirishani, kuku kwenye benchi la wageni wamejipanga kama wenye miadi. Mmoja alikuwa ametaga ndani ya trei ya fomu, na karani aliyekaa nyuma ya meza alikuwa akiandika kwa kulizunguka yai lile bila kulisogeza. Karani huyo aliitwa Bwana Jedwali, mwanamume mwembamba wa miaka hamsini hivi, kalamu nyuma ya kila sikio.

"Hujambo, bwana?" Hozza alisalimu.

"Sijambo kwa asilimia tisini na moja," karani alijibu bila kuinua uso. "Na wewe?"

"Sijambo."

"Kwa asilimia ngapi?"

"Ah, sijui. Najisikia vizuri tu."

Karani akaangaza huku na huku kama mtu aliyesikia tusi mbele ya wakwe. "Punguza sauti, mgeni. Hapa hatujisikii. Tunakokotolewa."

Akachukua pasipoti, akasoma jina, akalirudia. Kalamu moja ikamdondoka. "Shekigenda? Shekigenda wa Mlinganyo?" Akasimama, akashika kichwa. "Shikamoo, mzee! Shikamoo! Na mimi hapa namuuliza asilimia, mimi nani!"

"Marahaba," Hozza akaitikia kwa sauti nzito, ingawa karani alimzidi kwa miaka kumi nzima.

Sasa hapa lazima niseme jambo kuhusu huyu bwana, na nalisema kwa aibu. Zamani aliandika tasnifu. Iliitwa *Vipengele Vinavyoathiri Afya ya Watoto wa Chini ya Miaka Mitano*, kurasa mia mbili na nne bila viambatisho. Ilisomwa na watu watatu: yeye mwenyewe, mwalimu wake aliyeruka mpaka hitimisho, na mkewe aliyelala kwenye shukrani, tena kabla hajafika mahali palipotajwa jina lake. Tangu hapo Hozza alikuwa na kidonda cha moyo kwamba dunia haikumsoma. Kumbe dunia haikumsoma, lakini nchi moja ilimsoma, na nchi hiyo ilimtii.

Bwana Jedwali akaingiza mkono chini ya kuku aliyeatamia kwenye kabati, akatoa kitabu kilichochakaa kwa kufunuliwa. Ndicho! Jalada la buluu, jina lake kwa herufi za dhahabu. Akamvalisha joho jeupe la heshima pale pale. Hozza alijitazama kwenye kioo cha dirisha, akanyoosha ukosi, akafikiria kwamba laiti wenzake wa idarani wangemwona.

Walipokuwa wakitembea kwenda Baraza Kuu, karani alimweleza sheria za nchi, naye Hozza akawa anatikisa kichwa kwa hekima.

Sheria ya kwanza ilisema afya ya mtoto haiangaliwi, inakokotolewa. Kila Jumatatu akina mama walipeleka ofisini fomu, si mtoto. Fomu ilitaja paa la nyumba, maji wanayotumia, darasa alilofika mama, na idadi ya kuku. Ndani ya ofisi fomu zilipitishwa kwenye Mlinganyo wa Shekigenda, kisha kila mama alipewa karatasi inayomweleza mtoto wake yukoje. Hozza alimwona mama mmoja akisoma karatasi yake njiani huku mtoto akipiga kelele mgongoni. "Inasema umelala," yule mama alimwambia mtoto. "Sasa mbona unanitia aibu?"

Sheria ya pili ilihusu kuchungulia. Mama akimgusa mtoto paji la uso ili ajue kama ana homa, huko waliita kuchungulia jibu, kama mwanafunzi anayechungulia karatasi ya jirani kwenye mtihani. Mama mwenye haya hakufanya hivyo. Walishika watoto kwa vitambaa, uso wakiutazama pembeni. Aliyebainika amechungulia, mtoto wake alipelekwa Nyumba ya Mabaki.

"Mabaki?" Hozza aliuliza, ingawa neno hilo alilijua mno.

"Si wewe uliyeandika, Dakta? Ukitoa kile mlinganyo ulichotabiri kwenye kile kilichopo, kinachobaki ni baki. Mtoto asiyelingana na mlinganyo ni baki. Tunawaweka mahali pamoja mbali na mji, wasije wakaharibu wastani."

Hozza alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetumaini kwamba mwenzake anatania. Bwana Jedwali hakuwa anatania.

Sheria ya tatu ndiyo iliyoeleza ile harufu. Kila kaya yenye mtoto mdogo ilitakiwa kufuga kuku tisini na tisa. Si mia, si tisini na nane. Mwewe akibeba mmoja, nyumba nzima haikai mpaka apatikane mwingine. Kifaranga akianguliwa bila mpango, jirani anaitwa amchukue. Na kwa kuwa kuku wa serikali wakiibwa ni balaa, walilala ndani, chumba kimoja na watoto, juu ya kabati, chini ya kitanda, pembeni ya mtungi wa maji. Hozza alichungulia nyumba moja kutoka mlangoni. Mtoto mdogo alikuwa akitambaa sakafuni, kiganja kimejaa kinyesi, na kiganja hicho kikaenda mdomoni.

"Kwa nini tisini na tisa?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

Bwana Jedwali akaangua kicheko. "Wewe Dakta una utani! Ukurasa wa arobaini na moja." Akasimama barabarani, akafumba macho, akakariri: "'Watoto wa kaya zenye kuku tisini na tisa wana afya bora kwa kiwango cha kushangaza.' Watoto wetu wanaimba hiyo shuleni."

Kijasho chembamba kikamtoka Hozza ndani ya joho.

Niwaambie kilichokuwa kikimtoa jasho. Wakati wa utafiti, uzito wa watoto aliuchukua kwenye kadi za kliniki, amekaa zake kivulini. Mambo ya nyumbani aliwatuma wadadisi wakaulize mlango kwa mlango. Na kwenye mwongozo wao aliandika kwa mkono wake: mahali msipopata jibu, andikeni 99. Wadadisi walipofika kwenye nyumba za wenye nacho walikuta geti na mbwa, wakaandika 99, wakaenda zao. Watoto wa nyuma ya mageti yale walikuwa wazima, wamenona, wanakunywa maziwa. Kompyuta haikujua kwamba 99 maana yake ni "hatukuuliza". Ilidhani ni kuku. Na Hozza, badala ya kujiuliza ni nani katika wilaya nzima anafuga kuku tisini na tisa kamili, akaandika aya nzuri sana kuhusu mayai na protini. Aya hiyo ndiyo iliyomfurahisha mwalimu wake.

Mbaya zaidi, alikuja kujua. Mwaka mmoja baada ya kupewa udaktari alikuwa akitafuta risiti kwenye makabrasha, akauona mwongozo ule, akaiona 99 yake. Kisha akafunga faili, akajiambia, "Nani atasoma?" Akaenda kula. Nakumbuka alikula ndizi kwa utumbo, tena akaongeza.

Basi, wakafika Barazani. Kwenye ukumbi wa nje palikuwa na dirisha lenye kibao cha MABAKI, na foleni ndefu ya akina mama. Bwana Jedwali, ambaye dirisha hilo nalo lilikuwa lake siku za Jumatatu, akamwomba Hozza asubiri kidogo, akaingia ndani akakaa. Aliyekuwa mbele kwenye foleni ni mwanamke kijana anayeitwa Mwasiti, amembeba binti yake Kidawa wa mwaka na nusu. Mtoto alikuwa akilia bila machozi. Macho yameingia ndani, midomo imekauka, shingo haina nguvu.

"Anaharisha tangu juzi, bwana karani," Mwasiti alisema. "Mwanangu ananifia hivi hivi naona. Naomba karatasi ya zahanati."

Bwana Jedwali akafunua daftari. "Paa la bati, ndiyo. Kisima, ndiyo. Mama darasa la saba. Kuku tisini na tisa. Huyu ni mzima, mama, kwa asilimia tisini na saba."

"Basi yumo kwenye zile tatu zilizobaki!"

"Inawezekana. Basi ni baki, na mabaki ya nchi nzima sharti yajumlike yawe sifuri, ndivyo Dakta alivyoandika. Nikimwandika huyu kuwa ni mgonjwa kuliko mlinganyo, lazima kwenye mstari huo huo nimwandike mwingine aliye mzima kuliko mlinganyo. Niletee mwenza wake, hesabu ifunge, nigonge muhuri."

"Mwenza?" Mwasiti akashika kiuno. "Mwenza ninaye tayari, baba. Mume wangu aliniletea mwaka jana, na sijaona faida yake."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Uso ukamvunjika, akasema kwa sauti ndogo, "Nimezunguka mitaa mitatu tangu alfajiri kutafuta mtoto mzima. Hakuna. Wote wanaharisha."

Hozza alikuwa akitazama ukutani, akijitia kusoma tangazo. Lakini joho jeupe halifichiki. Mwasiti akamwona. "Na huyu ni nani?"

"Huyo ndiye mwenye mlinganyo," karani alisema kwa fahari.

"Wewe ndiye?"

"Ndiyo," Hozza alisema. "Kwa kiasi fulani."

"Basi niambie wewe, baba. Mwanangu ni mzima?"

Na Hozza, Mungu amsamehe, alitazama kwanza karatasi. Wallahi aliitazama. Aliinamia daftari akapitisha kidole kwenye safu za tarakimu.

"Mtoto yuko huku," Mwasiti alisema. "Siyo huko."

Hapo Hozza aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akamshika Mwasiti mkono, wakaingia wote watatu ndani ya Baraza, na Bwana Jedwali nyuma akiwa amekumbatia daftari.

Baraza lilikuwa na wajumbe ishirini na tano, na juu yao alikaa Mtabiri Mkuu, Bi Makadirio, mama wa makamo mwenye kilemba cheusi na sauti ya upole. Alipomwona Hozza aliinuka kitini. Wajumbe wote wakainuka. Kuku wawili wakaruka kutoka kwenye meza ya Katiba.

"Dakta, umetuheshimu," Bi Makadirio alisema. "Tuambie ulichotujia."

Mngemwona shujaa wenu! Alikohoa. Alifuta miwani ambayo ilikuwa safi. Alisema kwamba katika kazi yoyote ya kitaaluma yapo mapungufu madogo madogo, kwamba huenda kipengele kimoja, hasemi ni kipi, kingefaa kuangaliwa upya, kwamba pengine tanbihi ingetosha. Alizungumza robo saa na hakusema kitu. Hiyo ndiyo kazi aliyosomea.

Mjumbe mmoja akapendekeza tanbihi iwekwe. Mwingine akauliza iwekwe juu au chini ya ukurasa, maana tanbihi ya juu ni kichwa cha habari. Wakabishana. Watatu wakasimama kwa pamoja kutaka ufafanuzi wa neno "pengine". Mwishowe Bi Makadirio akaamua iundwe kamati ya watu tisa, itazame suala la Dakta kwa kina, irudi baada ya mavuno matatu. Wakapiga makofi.

"Mavuno matatu!" Mwasiti alipiga ukelele. "Jamani, huyu hafiki magharibi!"

Hozza akamtazama mtoto. Kidawa alikuwa ameacha kulia, na kule kuacha kulia kulimtisha kuliko kilio. Akasogea mbele na maneno yakamtoka ovyo, bila mpangilio, kama mtu anayetapika.

"Hakuna kuku," alisema. "Sikilizeni. Hapakuwa na kuku wowote. Tisini na tisa ni alama. Niliwaambia vijana wangu, usipopata jibu, andika tisini na tisa. Maana yake hatukuuliza. Tulikuta geti limefungwa tukaondoka. Watoto wale walikuwa wazima kwa sababu wazazi wao walikuwa na uwezo, maji safi, choo safi. Kuku nimewazua mimi. Na nimejua siku nyingi, nikanyamaza."

Kuku mmoja alikuwa akidonoa tasnifu.

Mwasiti ndiye aliyesema kwanza, taratibu, kana kwamba anajaribu kuyaelewa maneno yake mwenyewe. "Yaani tangu nimzae huyu nalala na kuku tisini na tisa, wanakunya kwenye maji yangu, wanakunya kwenye uji wa mwanangu, kwa sababu wewe hukubisha hodi?"

"Ndiyo," Hozza alisema. Mara hii hakuongeza "kwa kiasi fulani".

Mngetegemea Baraza lilipuke. Halikulipuka. Mjumbe mmoja mzee aliomba nafasi, akasema kwa heshima kwamba Dakta ni mtu mmoja, na sheria haziwezi kubadilishwa kwa sampuli ya mtu mmoja. Mwingine akauliza: aliyekiri kwamba alikosea jana, nani athibitishe kwamba leo hakosei? Hozza, mtahini wa miaka mingi, alijikuta akiona kwamba hiyo ni hoja nzuri. Wa tatu akafunua ukurasa wa tisini na mbili, akasoma kwamba mtu mwenye elimu kama ya Dakta hufanya makosa mara chache mno, hivyo kwa mujibu wa Dakta mwenyewe kosa hilo halikutokea.

Bi Makadirio alikuwa amevua miwani. Aliposema, ule upole wa sauti ulikuwa umemtoka.

"Dakta, nina wajukuu wanne. Mmoja tulimzika mwezi wa tatu. Karatasi ilisema mzima, nikamwambia mama yake asimguse, asichungulie. Nikamwambia mimi, kwa mdomo wangu huu. Sasa unataka nimwambie kwamba ilikuwa ni geti?"

Hozza alitamani sakafu ipasuke immeze na joho lake. Kwa mara ya kwanza alielewa kwa nini Baraza zima linang'ang'ania kuku: wakiwaachia kuku, itabidi wawashike watoto waliokufa.

Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka kumi na minane ya kutafiti watoto. Alimshika mtoto. Aliweka kiganja kwenye paji la uso la Kidawa, mbele ya Baraza zima.

"Anachemka," alisema.

"Amechungulia!" Ukumbi mzima ukalipuka. "Amechungulia! Mwenye mlinganyo amechungulia!"

Ikawa patashika. Wengine walisema apelekwe Nyumba ya Mabaki sasa hivi pamoja na mtoto. Wengine wakasema kuchungulia ni kosa la mzazi, na Dakta si mzazi. Mjumbe mzee akahoji kama mtu anaweza kuchungulia jibu la mtihani alioutunga mwenyewe, na swali hilo likawakamata wote kooni, wasiweze kuliacha. Kifungu cha tisa au cha kumi na mbili? Wakaletewa vitabu. Bi Makadirio akaagiza watuhumiwa wasubiri ukumbi wa nje chini ya ulinzi wa karani, naye karani aandike lolote litakalotokea, maana ndivyo utaratibu unavyotaka.

Wakatoka. Foleni ya akina mama bado ilikuwa pale. Kwenye meza ya Bwana Jedwali ilisubiri chai yake ya saa nne ambayo hakuwahi kuinywa: chupa ya maji moto, majani pembeni, kopo la sukari, yai la kuchemsha na chumvi kwenye kikaratasi.

Hozza aliitazama meza ile. Kichwani mwake ikaja ile namba mara moja, maana alikuwa nayo kwa moyo: kipengele cha kumi na nne, maji ya sukari na chumvi, hupunguza hatari kwa sifuri nukta tatu moja sita. Aliijua mpaka tarakimu ya tatu. Lakini vijiko? Sukari vijiko vingapi? Chumvi kiasi gani? Aliandika kurasa sita kuhusu maji yale na hakuwahi kuyachanganya hata siku moja. Nusura alie.

"Mwasiti," alisema, "wewe unajua yanavyochanganywa?"

Kisha akanyamaza akasubiri. Hiyo mnaweza kuiona ni kitu kidogo, lakini hakuwahi kumuuliza mama swali na kusubiri jibu akiwa amesimama mbele yake.

"Najua," Mwasiti alisema. "Mama alinifundisha kabla ya sheria. Maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo sita, ufute juu visiwe na kilima. Chumvi nusu kijiko, isizidi, ikizidi utamdhuru. Tangu juzi najua, baba. Lakini ukimchanganyia mtoto ambaye karatasi inasema mzima, umechungulia. Wangemchukua."

"Mimi nimeshachungulia. Wanichukue mimi. Bwana Jedwali, tunaomba chai yako."

Bwana Jedwali akatazama mlango wa Baraza. Ndani walikuwa wamefika kifungu cha kumi na mbili, ibara ndogo ya pili. Akatazama kopo. "Sukari ni yangu," alisema polepole, "si ya ofisi." Akaisukuma mbele. Kisha akatoa kwenye droo chupa ya lita moja na kijiko, akaifuta kwa shati lake, akaketi na kalamu yake kana kwamba hakufanya kitu.

Mwasiti alipima, Hozza akamimina maji huku na huku mpaka yakapoa. Joho lilikuwa likimsumbua mikono, akalikunja mapajani, wakamlaza Kidawa juu yake. Mwasiti akampa kijiko kimoja. Akasubiri. Kingine. Mtoto akatapika vyote, na Hozza akaruka akidhani wamemuua.

"Tulia, baba," Mwasiti alisema. "Ni kawaida. Tunangoja kidogo, tunaanza tena, polepole zaidi."

Wakaanza tena. Akina mama wa foleni wakasogea wakawazunguka, mmoja akipepea kwa karatasi yake ya Jumatatu. Hozza aliuliza, "Tutajuaje kama yanafanya kazi?" Alikuwa akingoja pengine atajiwe kipimo. Mwasiti alimjibu, "Akikojoa. Tangu jana hajakojoa. Akikojoa, tumempata."

Adhuhuri ikapita. Ndani walikuwa wakibishana kama "mwenye mtihani" na "mtungaji wa mtihani" ni mtu mmoja kisheria. Kijiko. Kungoja. Kijiko. Mara moja Kidawa alikishika kijiko mwenyewe, akakivuta, na Mwasiti akageuza uso akalia kimya kimya. Hozza mkono ulikuwa umekufa ganzi chini ya kichwa cha mtoto, lakini hakuthubutu kuusogeza.

Kitu kama saa tisa hivi alihisi joto mapajani. Akadhani amemwaga chai. Akatazama chini. Joho jeupe la heshima lilikuwa limeloa, doa la manjano likitambaa taratibu mpaka kwenye pindo.

"Amekojoa!" Hozza akapiga ukelele. "Mwasiti! Amekojoa! Amenikojolea!"

Akina mama wakapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika uani. Mlango wa Baraza ukafunguliwa, wajumbe wakachungulia, na Bi Makadirio akatoka mbele yao. Alimtazama Kidawa, aliyekuwa sasa analia, na machozi yalikuwepo. Alisogea karibu. Alinyoosha mkono, akausitisha hewani, kisha akaweka kiganja chake kwenye paji la uso la mtoto, akakiacha pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kujua homa.

Bwana Jedwali alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari, ametahayari. "Samahani, Mheshimiwa," alisema. "Naona safu ya paa, ya maji, ya elimu na ya kuku. Kukojoa hakuna safu yake."

Bi Makadirio hakuondoa mkono.

"Basi ichore," alisema.